Tuagize Zana, Ngozi Tunayo Nyumbani



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu nyingi hapa Arua na kule Koboko, nalo ni hili la kuagiza vitu kutoka maduka ya ng'ambo kwa njia ya simu. Hatutazungumzia nguo wala vipodozi, maana hayo yana wasemaji wake. Tutazungumzia vijana wetu wanaojifunza kazi ya ngozi: kandambili, viatu vya shule, mikanda, pochi na mifuko ya kuwekea Msahafu. Kazi hii ni ya halali, ni ya heshima, na wazee wetu waliotoka upande wa Sudani waliijua vizuri. Nani katika Wanubi asiyekumbuka markub, vile viatu vya ngozi ambavyo babu alivivaa siku ya Idd na kuvitunza kama mali?

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe, kwani mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Kikundi cha vijana wetu kilichanga fedha, kikaingia katika duka moja la ng'ambo na kuagiza vipande vya ngozi laini ya kuwekea ndani ya kandambili. Bei ilikuwa ya kuvutia na picha ilikuwa nzuri. Mzigo ulichelewa lakini ukafika, vijana wakashona, na watu wakanunua. Baada ya wiki kadhaa mzee wetu mmoja wa Koboko, aliyefanya kazi ya ngozi katika ujana wake, alikuja kutuzuru. Akaichukua kandambili moja, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, ngozi hii ni ya mnyama gani?"

Hakuna aliyejua. Alituonyesha vinyweleo vyake, jinsi vilivyokaa vitatu vitatu, na hiyo ni alama ya ngozi ya nguruwe. Tukafungua simu tukarudi kwenye tangazo la yule muuzaji. Juu kulikuwa na maneno makubwa ya "ngozi halisi". Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, ilikuwa imeandikwa wazi kuwa ni ngozi ya nguruwe. Muuzaji hakutudanganya. Ni sisi hatukusoma.

Ndugu msomaji, fikiria hali yetu. Viatu vile vilikuwa vimeshauzwa, na watu walikuwa wakivivaa kwenda msikitini na kuviacha mlangoni, wengine wakivishika kwa mikono yenye maji ya udhu. Wanazuoni walio wengi wanafundisha kwamba ngozi ya nguruwe haitahiriki hata ikidabaghiwa. Ilitubidi tuwatafute wanunuzi mmoja mmoja, tuwaeleze, tuwaombe radhi na kuwarudishia fedha zao. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na mama mmoja alitwambia neno ambalo bado linatuchoma: "Ngozi za mbuzi tulizochinja Idd mlizifukia shimoni, mkaenda kununua hii?"

Hakika alisema kweli. Na neno hilo la mama yetu ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

NINI TUAGIZE, NINI TUSIAGIZE

Rai yetu ni hii: kutoka ng'ambo tuagize zana ambazo hapa hazipatikani au hazitengenezwi vizuri, na ngozi tutumie yetu wenyewe. Leo tunafanya kinyume. Tunaagiza ngozi iliyosafiri nusu ya dunia, kisha tunaikata kwa wembe na kuitoboa kwa msumari.

Tuangalie zana zenyewe. Msharasi, yaani ile sindano yenye mpini ya kutobolea na kuvutia uzi, mafundi wetu wanaoshona lugabire na viatu chini ya miti hapa mjini hujitengenezea wenyewe kutoka njiti ya gurudumu la baiskeli. Ni msharasi mzuri kabisa. Nyundo ipo, jiwe la kunolea lipo, na kisu kizuri mhunzi anaweza kukifua kutoka msumeno wa zamani. Hivi kuviagiza ng'ambo ni kutupa fedha.

Lakini yapo mambo ambayo njiti ya baiskeli haiyafanyi. Vipo vile vyuma vyenye meno kama uma, ambavyo fundi hugonga juu ya ngozi na kupata matundu yaliyopangika sawa, kila tundu na mwenzake umbali wa milimita 3 au 4. Upo uzi wa poliesta uliotiwa nta, ambao hauozi upesi kwa jasho na mvua. Zipo sindano butu za kushonea kwa mikono miwili. Zipo bizimu za shaba zisizoshika kutu, na vitoboleo vya duara vya matundu ya mkanda. Hivi ndivyo vinavyotofautisha mkanda wa kuuzwa barabarani na mkanda ambao mtu ataulipia bei nzuri na kumwachia mwanawe.

Na ushonaji wenyewe ni elimu. Cherehani hufunga uzi wa juu na uzi wa chini, na mshono mmoja ukikatika, mingine jirani huanza kulegea. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja wenye sindano mbili, kila tundu likapitiwa mara mbili, kutoka huku na kutoka kule. Pakikatika pamoja, pengine hubaki pameshikana. Ndiyo maana hatamu na matandiko ya farasi hushonwa hivyo tangu zamani. Zana za kazi hii ni ndogo, zinaingia katika mfuko mmoja wa shule, na zikitunzwa hudumu miaka mingi.

Kabla hamjaagiza lolote, tafuteni kwanza Kampala. Mafundi wa chuma wa Katwe wanaiga vitu vingi wakipewa mfano mkononi. Tusiwe watu wa kuamini kuwa kizuri ni kile tu kilichoandikwa jina la kigeni.

HESABU IFANYWE KABLA YA KUBONYEZA

Vijana wengi hutazama bei iliyo chini ya picha wakadhani ndiyo bei. Siyo. Mara nyingi kodi ya forodha haihesabiwi kwa bei ya kitu peke yake. Huhesabiwa kwa bei pamoja na bima na nauli. Tuchukue mfano: zana za dola 60 na nauli dola 40. Ikihesabiwa hivyo, forodha wataanza na 100, si 60. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna ngazi za ushuru, asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, ambayo imewekewa bidhaa kadhaa zikiwemo za ngozi, ili kulinda viwanda vyetu. Tuseme tu kwa mfano kwamba kitu chako kimeangukia asilimia 10. Basi 100 inakuwa 110. Juu ya hiyo 110 inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18, na tayari umekaribia 130, kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo na kabla ya basi la kutoka Kampala. Zana za dola 60 zimekugharimu zaidi ya mara mbili.

Halafu kuna uzito. Wasafirishaji wa ndege wana uzito wa namna mbili, uzito wa mizani na uzito wa nafasi. Wengi wao huchukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakazidisha, wakagawa kwa 5,000. Kinachokuja kikubwa kati ya hivyo viwili ndicho utakacholipia. Ngozi iliyoviringishwa katika boksi la sentimita 70 kwa 20 kwa 20 inahesabiwa kilo 5 na gramu 600, hata kama mizani inasema kilo 3. Zana za chuma ni nzito lakini ni ndogo, kwa hiyo humlipi mtu kwa kusafirisha hewa. Hii ni sababu nyingine ya kuagiza zana na kuacha ngozi.

Na safari ni ndefu. Mzigo ukiteremka Entebbe bado una karibu kilomita 500 mpaka Arua, na Koboko ni mbele zaidi. Tunakumbuka wote mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari yakazungushwa njia za mbali. Kwa hiyo usimwahidi mteja viatu vya Idd kwa kutegemea bizimu ambazo bado ziko angani.

ADABU ZA KUNUNUA USICHOKIONA

Wapo wazee wanaosema mambo haya ya mtandao yote ni wizi na kamari. Tunawaheshimu, na wizi upo kweli. Kijana mmoja tunayemfahamu alituma fedha kwa njia ya simu kwa mtu aliyejiita wakala wa mizigo, na mpaka leo namba ile haipokelewi. Lakini kununua kitu ambacho hukioni hakukuanza na intaneti. Katika fiqhi yetu kuna mlango mzima wa biashara ya salam, mtu analipa leo na kupokea bidhaa baadaye. Masharti yake yanajulikana: aina ya kitu ielezwe, sifa zake zitajwe, kipimo kijulikane, na muda wa kukabidhiwa ujulikane. Tazama sasa, lau tungeyafuata hayo manne tulipoagiza ile ngozi, tungesoma sifa zake mpaka mstari wa mwisho, na aibu ile isingetufika.

Kwa hiyo tunawausia vijana wetu haya yafuatayo:

Kwanza, someni tangazo lote, si kichwa chake. Maneno "ngozi halisi" hayasemi ni ya mnyama gani. Ikiwa haikuandikwa, muulizeni muuzaji kwa maandishi na mhifadhi jibu lake.

Pili, jueni vipimo. Wamarekani hupima unene wa ngozi kwa aunsi, na aunsi moja ni karibu milimita 0.4. Chuma cha meno kiulizwe umbali wa meno kwa milimita. Picha haina kipimo, na wengi wameletewa kitu cha kuchezea watoto.

Tatu, lipeni ndani ya duka lenyewe. Muuzaji akikwambia "tutoke hapa unitumie moja kwa moja, nitakupunguzia", jua kwamba ulinzi wako wote umeuacha mlangoni.

Nne, anzeni na oda ndogo. Mkiletewa sawasawa, ndipo muagize kubwa.

Tano, hifadhini namba ya kufuatilia mzigo. Ya posta ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ulikotoka. Mkipewa namba isiyofanana na hiyo na mkaambiwa ni ya posta, ulizeni.

Sita, mzigo ukifika ufunguliwe mbele ya watu wawili au watatu na upigwe picha. Sheria yetu inampa mnunuzi haki ya kurudisha chenye aibu, na maduka mengi nayo hutoa siku maalum za kulalamika. Siku hizo zikipita umekaa kimya, umekubali.

Saba, na hili ndilo kubwa, msiagize mmoja mmoja. Vijana kumi wakiagiza vifurushi kumi wamelipa nauli mara kumi. Wakiagiza kwa pamoja wamelipa mara moja. Lakini fedha za watu wengi zina fitina, na ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi andikeni nani katoa ngapi, nini kimeagizwa na nani anashika risiti, na daftari lisomwe mbele ya wote. Urafiki wa vijana wengi hapa mjini umevunjika kwa sababu ya shilingi elfu ishirini ambazo hazikuandikwa.

Wanafunzi wetu wa IUIU hapa Arua na wale wa Chuo Kikuu cha Muni wana nafasi katika jambo hili. Fundi hodari anaweza kuwa hajui Kiingereza cha matangazo, na mwanafunzi anayekijua hajui kushika msharasi. Kaeni pamoja. Nusu saa baada ya Alasiri inatosha kumsomea fundi tangazo mpaka chini kabisa kabla hajalipa.

NA NGOZI ZETU?

Turudi kwa yule mama. Kila Idd el-Adh-ha misikiti yetu kutoka Arua hadi Koboko huchinja ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi. Nyama hugawanywa vizuri, alhamdulillahi. Ngozi je? Nyingine hutupwa, nyingine hufukiwa, nyingine huchukuliwa na dalali kwa bei ya chai na chapati ikapelekwa mbali. Na nyingine, jambo la kusikitisha, hupewa mchinjaji kama ujira wake, ilhali tumefundishwa kwamba mchinjaji wa udhiya alipwe kwa fedha, asilipwe kwa sehemu ya mnyama huyo, na kwamba mwenye udhiya haruhusiwi kuiuza ngozi yake kwa faida yake. Anaweza kuitumia nyumbani kwake au kuitoa sadaka.

Sasa, sadaka gani iliyo bora kuliko kumpa ngozi hiyo kijana asiye na kazi, akapata malighafi na riziki kwa wakati mmoja?

Tunajua mtajibu kwamba ngozi zetu ni mbovu, zimejaa matundu. Ni kweli, lakini matundu mengi tunayatia sisi. Siku ya Idd kila mwenye kisu huwa mchuna ngozi. Kisu kikali kikishikwa vibaya hukwaruza ngozi kwa ndani, na mkwaruzo huo huonekana baadaye kama mpasuko. Ngozi ikishatoka huachwa juani saa nyingi, ikaanza kuoza na manyoya kung'oka. Dawa yake haihitaji kuagizwa popote: tumia kisu mwanzoni tu, kisha sukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama. Osha damu, tandaza kivulini, na paka chumvi ya kutosha upande wa ndani, theluthi moja ya uzito wa ngozi au zaidi, ndani ya saa chache tu. Ngozi za mbuzi zinaweza pia kuwambwa na kukaushwa kivulini penye upepo.

Kudabagha nako si siri ya Wazungu wala Wachina. Sudani wamedabagha kwa garadhi, yaani makaka ya mgunga, tangu enzi na enzi, na wapo wazee kati yetu walioiona kazi hiyo kwa macho yao. Huchukua wiki kadhaa na hutaka maji mengi na subira. Ngozi nzito za ng'ombe zinaweza kupelekwa kwenye viwanda vya Jinja, lakini za mbuzi kikundi kinaweza kujifunza hapahapa, mbali na visima na makazi ya watu ili maji machafu yasiwadhuru majirani. Hatusemi ya kwanza itatoka laini. Ya kwanza itatoka ngumu kama ubao. Ya tano itakuwa mkanda.

Na mama zetu wanaosuka tabaga wasiachwe nje. Mfuko wa kusuka wenye mkono na ukingo wa ngozi iliyoshonwa vizuri ni kitu ambacho mgeni atakinunua, na hapo tutakuwa tumeanza kuwauzia hao wa ng'ambo badala ya kununua kwao tu.

Basi ombi letu kwa kamati za misikiti ni dogo. Kabla ya Idd el-Adh-ha ijayo, kila msikiti uteue vijana wawili wajifunze kuchuna na kutia chumvi. Inunuliwe chumvi mapema. Itangazwe katika khutba ya Ijumaa kwamba mwenye kupenda kuitoa ngozi ya udhiya wake sadaka ailete mahali fulani, na mchinjaji alipwe fedha zake taslimu. Na wazazi, mtoto akikwambia anataka kuagiza seti ya zana kutoka ng'ambo, usimkatalie wala usimpe fedha hapo hapo. Mwambie akuletee orodha, vipimo, hesabu yote mpaka Arua, na majina ya wenzake watakaochangia. Akileta hayo, mchangie.

Sisi tumeshaanza. Kandambili zile tulizozirudisha hatukuzitupa zote. Tulibandua ile ngozi ya ndani, tukaosha soli na kuzibakisha. Zinangoja ngozi ya mbuzi wa Idd.

Wabillahi tawfiq.